Dabo au pasi? Hesabu ya kumkaba mpinzani anayejitanua bila turufu

BEKI wa kati anapoamua kupanda na mpira mpaka nusu ya wapinzani, huku viungo wake wote wakiwa wamekabwa, uwanja mzima unajua kinachokuja. Ama atafika mbali ashangiliwe, ama atanyang'anywa mpira na nyuma yake kubaki kweupe. Hapo swali si la beki tena. Swali ni la mshambuliaji aliyesimama mbele yake: amvamie sasa hivi, au arudi nyuma kuziba njia?

Katika mchezo wa briji, beki wa namna hiyo anapanda kila siku. Ni pale timu moja inapofungua mnada kwa kutaja aina yake ya karata, halafu mpinzani anayefuata anaruka juu na kutangaza "moja bila turufu". Anayebaki na kazi ni mchezaji wa tatu, mwenzake yule aliyefungua. Ana karata 13 mkononi, haoni nyingine yoyote, na muda ni mfupi. Adabo? Apige pasi? Ataje aina yake? Mechi kubwa zimeamuliwa na uamuzi mdogo kama huo, na wanaoupatia si wenye roho ngumu kuliko wenzao. Ni wanaojua kuhesabu mpaka 40.

Shabiki wa mpira anaweza kuguna: karata nazo zimefikaje ukurasa wa michezo? Jibu lilitoka Jakarta mwaka 2018, briji ilipoingizwa kwa mara ya kwanza kwenye Michezo ya Asia na kugawiwa medali kama riadha na ndondi. Wahindi wawili, Pranab Bardhan mwenye miaka 60 na Shibnath Sarkar mwenye miaka 56, walitwaa dhahabu ya wanaume wawili wawili. Wenyeji Indonesia nao walimpeleka mezani tajiri wao mkubwa, Michael Bambang Hartono, akiwa na miaka 78, na mzee akaondoka na shaba.

Kabla ya hapo, mwaka 1999, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imeshalitambua Shirikisho la Dunia la Briji. Afrika nayo haiko nje ya uwanja. Mashindano ya dunia ya timu yamechezwa Hammamet, Tunisia, mwaka 1997, na Marrakesh, Morocco, mwaka 2023. Misri iliwahi kumtuma mwigizaji wake maarufu wa filamu, Omar Sharif, kuiwakilisha nchi kwenye Olimpiadi ya briji New York mwaka 1964. Kwa hiyo hili si jambo la vikongwe wanaosubiri chai ya jioni.

MNADA KWANZA, MECHI BAADAYE

Aliyewahi kukaa barazani Pwani akacheza wahedi wa sitini hatapata taabu. Turufu anaijua, na kucheza wawili kwa wawili mkiwa mmekaa uso kwa uso anakujua. Briji inatumia karata 52, kila mtu 13. Kila raundi watu wanne wanaweka karata moja moja, na aliyeweka kubwa anakula raundi. Raundi ziko 13.

Tofauti iko kwenye mnada unaotangulia. Kabla karata haijagusa meza, timu mbili zinapandishiana dau kama klabu mbili zinazogombea straika mmoja kwenye dirisha la usajili. Kila dau ni ahadi. Anayesema "kopa moja" anaahidi kwamba yeye na mwenzake watakula raundi saba, turufu ikiwa kopa. Anayesema "moja bila turufu" anaahidi raundi hizo hizo saba, lakini bila aina yoyote kuwa na ubabe juu ya nyingine. Dau likishatajwa, anayefuata lazima apande juu yake au anyamaze.

Kunyamaza ndiko kunakoitwa pasi. Hii si pasi ya kumfikishia mtu mpira. Ni kusema "sina neno".

Halafu kuna dabo. Mchezaji akiona mpinzani amejitwika mzigo asioweza, anasema dabo, na bei ya kila kitu inapanda. Mpinzani akishindwa kutimiza ahadi yake, adhabu inakuwa kubwa zaidi. Akiitimiza, aliyedabo ndiye anayelia. Aliyedabiwa akijiamini anaweza naye kujibu kwa kuidabo dabo yenyewe.

Maneno yote halali ya mnada hayazidi 38: madau 35, pasi, dabo na ile dabo ya kujibu. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa, hakuna kugonga meza. Mwenzako anakujua kwa maneno hayo tu.

POINTI 40, HAZIONGEZEKI

Nguvu ya karata inapimwa kwa pointi. Ree ni 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Kila aina kati ya zile nne, yaani shupaza, kopa, uru na pau, ina pointi 10. Pakiti nzima ina 40. Hazijawahi kuwa 41.

Mtu anayefungua mnada kwa kawaida ana pointi 12 au zaidi. Anayeruka juu yake na "moja bila turufu" anatangaza kwamba ana karata nzito zilizosambaa vizuri, kati ya pointi 15 na 18, na kwamba aina iliyotajwa na mfunguzi hamtishi, kwa sababu ana karata ya kuizuia.

Sasa aliye zamu ajiangalie. Tuseme ana pointi 9. Kumi na mbili za mwenzake, kumi na sita za mpinzani na tisa zake ni 37. Zimebaki tatu. Hizo tatu ndizo anazo mwenzake yule aliyejitanua. Yaani beki amepanda na mpira, na nyuma yake kuna mtu mmoja tu, naye anachechemea.

Hiyo ndiyo siri nzima ya dabo hii. Haitoki kwenye ubabe wala kwenye hasira kwamba "ametuingilia mnada wetu". Inatoka kwenye kutoa na kujumlisha. Wachezaji wazoefu wana kanuni moja nyepesi: ukiwa na pointi 9 au 10 kwenda juu na karata zako hazina umbo la ajabu, kauli ya kwanza kichwani iwe dabo. Mengine yafuate baada ya hapo.

KARATA MEZANI

Mfano unaonyesha vizuri zaidi. Wachezaji wa briji huitwa kwa pande za dira. Kaskazini na Kusini ni timu moja, Mashariki na Magharibi ni nyingine.

Kaskazini ana shupaza 8 na 5. Kopa mfalme, malkia, ghulamu, 9 na 5. Uru ree, 8 na 4. Pau malkia, 6 na 3. Pointi 12.

Mashariki ana shupaza ree, malkia na 4. Kopa ree, 6 na 3. Uru mfalme, malkia, 5 na 2. Pau ghulamu, 7 na 4. Pointi 16.

Kusini ana shupaza mfalme, ghulamu, 9 na 3; kopa 7 na 2; uru ghulamu, 9 na 6; pau ree, 10, 8 na 5. Pointi 9.

Magharibi amebaki na makombo: shupaza 10, 7, 6 na 2, kopa 10, 8 na 4, uru 10, 7 na 3, pau mfalme, 9 na 2. Pointi 3.

Kaskazini anafungua kwa kopa moja. Mashariki, mwenye karata nzito kuliko wote mezani, anasema moja bila turufu. Hakuna wa kumlaumu: ana ree ya kopa, ana pointi zake 16. Kusini anadabo. Magharibi hana pa kukimbilia, Kaskazini anatulia, mnada unafungwa.

Hapa kuna zawadi ambayo wageni wa mchezo hawaioni mara moja. Sheria inasema karata ya kwanza inawekwa na mtu aliye kushoto kwa mwenye dau. Mtu huyo ni Kusini, yule yule aliyedabo. Yeye ndiye anayeanzisha mpira.

Kusini anaanza na kopa 7, aina ya mwenzake. Mashariki anaona hatari, anazuia ree yake mpaka raundi ya tatu ya kopa, kisha anaila. Ameshapoteza mbili. Kaskazini amebaki na kopa mbili ambazo hakuna tena wa kuzizuia, anangoja tu mlango ufunguke. Mashariki anahitaji uru ili afikishe saba, lakini ree ya uru anayo Kaskazini. Akigusa uru, Kaskazini anaingia, anakusanya kopa zake mbili, kisha anatoa shupaza 8.

Hapo ndipo kimeumana. Malkia wa shupaza wa Mashariki ameketi mbele ya mfalme wa Kusini, na mfalme anamla. Ree ya pau nayo iko kwa Kusini. Ukihesabu, wazuiaji wana kopa nne, ree ya uru, ree ya pau na mfalme wa shupaza: raundi saba kabla hata ya kutafuta ziada. Mashariki, aliyeahidi saba, akicheza kawaida anaishia tano. Saba hazikuwepo tangu karata zilipogawiwa.

Tatizo lake si karata zake. Tatizo ni upweke. Karata za Magharibi zimefunuliwa mezani na hazina njia ya kuingilia isipokuwa mfalme mmoja wa pau. Kwa hiyo Mashariki analazimika kuanzisha kila shambulizi kutoka mkononi mwake, na kila anachokitoa kinamkuta Kusini nyuma yake akisubiri. Ni straika aliyekatiwa pasi zote, anajipigia mpira mwenyewe na kuukimbilia mwenyewe.

BEI YA KUOGOPA

Kushindwa kwa raundi mbili kunagharimu kiasi gani? Inategemea hali ya timu. Briji ina kitu kinaitwa kuwa hatarini. Katika baadhi ya michezo timu yako iko hatarini, katika mingine haiko, na meza inaonyesha wazi tangu mwanzo. Aliye hatarini zawadi zake kubwa zaidi, na adhabu zake kali zaidi.

Mashariki akiwa hatarini, pungufu mbili zilizodabiwa ni alama 500. Kusini angepiga pasi, pungufu zile zile zingekuwa alama 200 tu. Kwenye mechi za timu, tofauti ya alama hugeuzwa kwa jedwali kuwa kitu kinachofanana na mabao. Tofauti ya 300 ni mabao saba. Pasi moja ya uoga, mabao saba yamepotea, na hakuna aliyeona kosa kwa sababu ubao unasomeka "umeshinda".

Upande wa pili wa mizani: itakuwaje dabo ikigoma na Mashariki akala saba zake? Bila dabo angepata alama 90. Akidabiwa anapata 180. Tofauti ni 90, mabao matatu. Akizidisha raundi moja akiwa hatarini, maumivu yanafika mabao sita. Si kidogo, lakini mara nyingi hesabu ya pointi 40 inaonyesha kwamba uwezekano wa kufika huko ni mdogo.

Ndiyo maana makocha wa briji husisitiza kwamba ambaye hajawahi kudabo dau likatimia anadabo mara chache mno. Ni kama mtego wa kuotea. Timu ambayo mtego wake haujawahi kuvunjwa msimu mzima huenda inausimika mara mbili kwa mwaka.

SI KILA ANAYEPANDA ANAVAMIWA

Pamoja na hayo, dabo si dawa ya kila ugonjwa. Kocha anayekaba juu kwa juu kama Liverpool ya Klopp anajua kuna siku wachezaji wake hawana mapafu ya kufanya hivyo.

Hali ya kwanza ni mkono mwepesi. Mwenye pointi tano au sita zilizotawanyika hana sababu ya kusema chochote. Pointi zilizobaki ziko upande wa pili, na kila dau analoongeza linampeleka kwenye kaburi alilochimba mwenyewe. Pasi.

Hali ya pili ni mkono mwepesi wenye aina moja ndefu, karata sita kwa mfano. Huyo anaweza kutaja aina yake kwa dau la pili. Si mwaliko wa kusonga mbele. Anamwambia mwenzake: "Tucheze hapa, usiongeze neno." Karata hizo sita zikiwa turufu zina thamani. Zikiachwa kwenye mchezo usio na turufu, bila ree ya kuzifungulia njia, ni mapambo.

Hali ya tatu ndiyo inayowagawa wataalamu. Mchezaji ana karata nne au tano za aina ya mwenzake, na mahali pengine ana karata moja tu au hana kabisa. Pointi zake ni tisa. Adabo? Hapana haraka. Karata za namna hiyo ni za kushambulia. Kopa zikiwa nyingi kwenye timu moja, kopa hizo hizo zinakula raundi chache wakati wa kuzuia, kwa sababu kila upande unaishiwa mapema. Kupandisha dau la kopa kuna faida mbili: kunaiweka timu kwenye mchezo wake, na kunamnyima Magharibi nafasi ya kutaja aina yake.

Hali ya nne ni ya tamaa, na inahitaji kalamu. Mtu ana pointi 13. Yeye na mwenzake wana 25 au zaidi, zinazotosha kwa kawaida kwa dau kubwa la tatu bila turufu. Akamate adhabu au aende akachukue zawadi? Jibu liko kwenye nani yuko hatarini. Timu yake ikiwa hatarini na wapinzani hawako, tatu bila turufu inalipa 600. Adhabu ya wapinzani wasio hatarini ni 100 kwa pungufu moja, 300 kwa mbili, 500 kwa tatu na 800 kwa nne. Ili dabo ishinde zawadi, lazima mpinzani aanguke mara nne. Ikigeuka, wapinzani wakiwa hatarini na timu yake haiko, tatu bila turufu ni 400 tu, wakati pungufu mbili tayari ni 500. Karata ni zile zile, jibu limegeuka kichwa chini.

Timu zinazocheza kwa mazoea hupotea hapo. Zinadabo kwa sababu "tuna karata", bila kuuliza ubao unasemaje. Ni sawa na kurusha mabeki wote mbele dakika ya 88 huku mnaongoza bao moja.

WAKIKIMBIA JE?

Mpinzani naye si mjinga. Akidabiwa, Magharibi mwenye pointi tatu na karata tano za aina moja hatakaa amuangalie mwenzake akichinjwa. Atakimbilia dau la pili la aina yake. Swali jipya linazuka: waachwe?

Jozi zilizokomaa hujibu kabla ya mechi, si katikati yake. Makubaliano ya wengi ni kwamba baada ya dabo ya kwanza, msako haujaisha. Anayeweza kuidabo aina mpya anaidabo. Asiyeweza anampisha mwenzake aseme. Kinachokatazwa ni kumwachia mpinzani aliyekwisha kubanwa acheze dau dogo kwa raha, bila dabo. Timu inayonyang'anya mpira kwenye theluthi ya wapinzani halafu inarudi nyuma kupumzika imefanya kazi bure.

Upo pia ujanja wa kale wa kutangaza moja bila turufu bila kuwa na hizo pointi 16. Mtu ana aina moja ndefu ya kukimbilia na karibu hana kingine, anajitanua kuwatisha wapinzani. Silaha dhidi yake ni ile ile. Mwenye pointi 11 akisikia mwenzake kafungua, mpinzani kadai 15, kisha Magharibi naye anaanza kujigamba kwa madau ya nguvu, ajumlishe. Ikizidi 40, kuna muongo mezani. Mwenzako umeshamwamini. Basi muongo anajulikana yuko upande gani.

PALE HESABU INAPOIBIWA

Uzito wote wa uamuzi huu unatokana na kitu kimoja: mchezaji haoni karata za mwenzake. Kati ya 9 na 10, kati ya dabo na pasi, kuna giza. Anayetafuta mwanga wa wizi kwenye giza hilo anaua mchezo.

Wizi mdogo ni wa kila siku. Mwenzako anafikiri kwa nusu dakika, anajikuna, halafu anasema pasi. Tayari umejua ana karata za kutosha kumtia mashakani. Sheria inasema huruhusiwi kutumia ulichokijua kwa njia hiyo. Ukidabo baada ya kusita kwake, na karata zako zenyewe hazikuruhusu kudabo, mwamuzi anaweza kubadili matokeo. Hiyo ni VAR ya briji, na ilikuwepo zamani kabla ya VAR.

Wizi mkubwa umetikisa dunia. Kwenye fainali za Bermuda Bowl za mwaka 1975, ndani ya kisiwa cha Bermuda chenyewe, viliwekwa kwa mara ya kwanza vizuizi mezani ili wachezaji wa timu moja wasionane. Macho yakazibwa. Jozi moja ya Italia ikatuhumiwa kuwasiliana kwa miguu chini ya meza, na ikakaripiwa.

Miaka 40 baadaye likaja tetemeko. Agosti 2015, Boye Brogeland wa Norway alijitokeza hadharani kuwatuhumu Lotan Fisher na Ron Schwartz wa Israel, watu aliokuwa amecheza nao timu moja. Wachambuzi walirudia video za mechi zao na kudai kwamba namna walivyoweka kibao cha karata mezani ilikuwa ujumbe: anza na aina hii. Hawakuhitaji kuambiana zaidi ya hapo. Shirikisho la Ulaya liliwafungia. Mwaka huo huo Israel, Monaco na Ujerumani zilijitoa kwenye Bermuda Bowl ya Chennai, India.

Si kila kesi ilisimama. Januari 2018 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ile CAS inayojulikana vizuri na mashabiki wa soka, ilifuta adhabu ya jozi ya Monaco kwa kuwa ushahidi haukufikia kiwango kilichotakiwa. Hata hivyo somo lilibaki. Rudi kwenye mfano wa juu. Kusini alianza na kopa 7 kwa sababu mwenzake aliitaja kopa mnadani, mbele ya kila mtu. Fikiria angekuwa anajua aina ya kuanza nayo kila siku, hata pale ambapo hakuna aliyetaja kitu. Dabo yake isingekuwa tena uamuzi. Ingekuwa sawa na kipa anayeambiwa penalti itapigwa upande gani.

MCHEZO AU SI MCHEZO?

Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya, kwenye shauri la kodi lililofunguliwa na chama cha briji cha Uingereza, iliamua kwamba kwa madhumuni ya kodi hiyo briji si mchezo, kwa kuwa haina jitihada za mwili za kutosha. Mwaka uliofuata Jakarta ikagawa medali. Na mwaka 2019 Geir Helgemo, mzaliwa wa Norway aliyechezea Monaco na aliyekuwa kileleni mwa orodha ya ubora duniani, akafungiwa baada ya vipimo kukuta dawa zilizokatazwa. Mahakama ilisema si mchezo, lakini wapima mkojo walikuwa na kazi.

Ubishi huo utaendelea. Lakini shabiki anayejua thamani ya uamuzi wa nusu sekunde hahitaji hakimu. Anachokiona Jumamosi uwanjani, kiungo anapoamua kumvamia mwenye mpira au kumwacha apige, kinatokea pia kwenye meza ya kijani ya watu wanne walionyamaza. Tofauti ni kwamba mezani hakuna kelele za jukwaa za kumsukuma wala kocha wa kumpigia mluzi.

Kuna karata 13, neno moja la mwenzake, na pointi 40 ambazo haziongezeki. Anayezijumlisha vizuri anadabo na kulala usingizi, hata siku dau litakapotimia. Anayedabo kwa hasira, au kupiga pasi kwa woga, ataishi akilalamika kwamba karata zilimkataa.